Nembo inazunguka, bando linakwisha

Najua nimepotea. Majaribio yametubana, na andalio langu la somo limerudishwa mara mbili. Leo sina stori za foleni ya kantini. Leo nina ugomvi.

Jana jioni kamati ya chama chetu cha wanafunzi wa elimu ilikaa kuangalia tovuti mpya. Kaka anayeitengeneza, ambaye ni mtu wa watu na namheshimu, akatuonyesha kwenye laptopu yake. Unafungua, giza. Nembo inachomoza, inazunguka, chaki inaandika jina la chama herufi mojamoja, ngoma inalia. Nilihesabu sekunde 11 kabla sijaona neno la maana. Halafu ukiskroli, ukurasa haushuki unavyotaka wewe. Unashuka unavyotaka wenyewe, kituo kwa kituo, kama daladala inayotafuta abiria. Wajumbe wakapiga makofi. Mimi niliponyoosha mkono nikaambiwa nina wivu.

Haya, hapa hakuna mwenyekiti wa kunikatisha. Nauliza: hiyo tovuti ni ya nani?

Maana anayeifungua hakuja kutalii. Ni mtu yuko kitandani saa tano usiku, bando linapumulia mashine, anatafuta kitu kimoja tu: kapangiwa shule gani ya mazoezi ya kufundisha, na mwisho wa kuomba kubadilishiwa ni lini. Namjua mtu huyo kwa sababu mwaka jana nilikuwa mimi. Nilifungua tovuti ya ofisi fulani, siitaji, usiku wa siku ya mwisho. Picha za majengo zikaanza kupishana kwa madaha. Simu yangu ya mkopo ikaganda. Nikafungua upya, majengo yakaanza upya. Bando likakata kabla sijafika kwenye fomu. Asubuhi nikaazima simu ya mwenzangu, muda umeshapita. Nikaenda kufundisha mbali, na nauli peke yake ikala hela yangu ya chakula ya wiki mbili. Yale majengo sijayasamehe mpaka leo.

Sisi ni walimu watarajiwa jamani. Tunafundishwa nini kuhusu utangulizi wa somo? Ni dakika chache za kumtoa mwanafunzi kwenye anachokijua na kumpeleka kwenye kipya. Mwalimu akitumia utangulizi kuonyesha suti yake mpya, mkaguzi anamkata maksi. Sasa kwa nini tovuti ya walimu ifanye kitu ambacho darasani tungefelishwa?

Na wala ugonjwa huu si mgeni. Miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 dunia nzima ilijaa tovuti zenye utangulizi wa Flash. Zikawekewa kitufe cha kuruka utangulizi, na watu wakajifunza kubonyeza hicho kabla ya kingine chochote. Fikiria umeandaa karamu, na sehemu maarufu kuliko zote ikawa mlango wa kutokea! Oktoba 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya tovuti, aliandika makala ambayo kichwa chake kilisema Flash ni mbaya kwa asilimia 99. Adobe wenyewe waliacha kuihudumia mwisho wa 2020. Flash tumezika, lakini naona mzimu wake umehamia kwenye kamati yetu.

Kuna jambo zito zaidi ya bando. Mwenzangu wa chumbani ana tatizo la sikio la ndani, lile linalosaidia mwili kukaa sawa. Nilipomwelezea ukurasa ambao picha ya nyuma inakwenda kasi tofauti na maandishi ya mbele, akasema, "Hiyo mimi itanitapisha." Hadeki. Septemba 2013 Apple walipotoa iOS 7 yenye miondoko ya kuruka na kuvuta, watu wengi walilalamika kizunguzungu na kichefuchefu. Mwezi uliofuata wakatoa sasisho lililokipa nguvu zaidi kile kipengele cha kupunguza miondoko. Nao mwongozo wa kimataifa wa WCAG, tangu toleo la 2008, unataka kitu kinachojiendesha chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 pembeni ya maandishi kiwe na njia ya kusimamishwa.

Sasa kaka yangu atasema, "Unataka tovuti kama tangazo la msiba." Hapana. Miondoko midogo inayosaidia naipenda: kitufe kinachobadilika rangi ukikigusa ujue kimesikia, menyu inayoteleza kidogo ujue imetokea wapi. Hiyo inamhudumia mgeni. Nembo inayozunguka inamhudumia aliyeichora.

Kikao cha kupitisha ni Ijumaa saa kumi, na mimi nakwenda na mambo matatu. Kwanza, utangulizi uondoke, na matangazo yenye tarehe yakae juu kabisa. Pili, skroli iachwe mikononi mwa mwenye simu, maana kidole ni chake. Tatu, aliyewasha kipengele cha kupunguza miondoko kwenye simu yake aheshimiwe. Vivinjari vinaweza kuiambia tovuti hilo, na mistari michache ya CSS inaweza kuzima madoido mengi.

La nne ni ombi tu: kabla hatujapiga kura, tovuti ifunguliwe kwenye simu ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nyuma ya hosteli kule ambako mtandao unasuasua. Isifunguliwe kwenye laptopu ya fundi. Akiipata tarehe anayoitafuta kabla hajaanza kusonya, nitapiga makofi mimi wa kwanza.

Njooni Ijumaa jamani, msiniache peke yangu na ngoma ile. Naomba kutoa hoja. Narudi kwenye andalio langu, safari ya tatu.