Kijana akipewa alama mbaya kazini, tuulize kwanza alipimwa kwa kipimo gani

Huku kwetu Masisi na Walikale, kijana akipata kazi ya kompyuta au ya tableti, jamaa yote inafurahi. Ametoka kwenye jembe, au kwenye shimo la koltani, na sasa ana mkataba na mshahara wa mwezi. Lakini siku akirudi na kusema, «Nimeacha, walinipa alama mbaya, na kazi yenyewe ilikuwa inaniua,» furaha inageuka hukumu. Jirani anasema ni mvivu. Wazee wanamkumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu.

Kwa maoni yangu, hukumu hiyo tunaitoa haraka mno. Alama ya kazi ni neno la upande mmoja, na kabla ya kuiamini inafaa kujua ni nani alipima, na alipima nini.

Tutazame yaliyotokea Nairobi, mji ambao vijana wengi wa Kivu wanautamani. Huko kampuni iitwayo Sama ilipewa kazi na Meta, wenye Facebook, ya kuajiri vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Walikuwa wanatazama yanayotumwa mtandaoni na kuondoa mabaya: watu wakichinjwa, watoto wakinajisiwa. Februari 2022 gazeti la TIME liliandika kwamba baadhi yao walilipwa kama dola 1.50 kwa saa, na kwamba walitakiwa kuamua juu ya video ndani ya sekunde 50.

Daniel Motaung wa Afrika Kusini alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao, akafukuzwa. Mei 2022 alizishitaki kampuni zote mbili. Mwaka 2023 wengine zaidi ya 180 walifungua kesi yao. Kampuni hizo zilipinga madai, lakini Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema Meta inaweza kushitakiwa nchini humo. Desemba mwaka huohuo ikajulikana kwamba daktari alikuta majeraha mazito ya akili kwa zaidi ya 140 kati ya wafanyakazi hao wa zamani.

Sasa fikiri: mtu ametoka kuona mauaji asubuhi, mchana mkono wake unapunguza mwendo. Mashine inahesabu sekunde tu. Haihesabu usiku asiolala. Kwenye karatasi ya mkubwa wake huyo ni mfanyakazi dhaifu, wakati ukweli ni kwamba ameumia.

Na hapa kwetu pia kipimo cha aina hiyo kipo. Wako vijana wanaozunguka vijijini na tableti kuuliza maswali na kujaza fomu. Anayewapima anaona idadi ya fomu zilizofika kwa siku. Haoni matope ya barabara, haoni mtandao uliokatika, haoni kijiji kilichokimbia risasi usiku uliopita. Hata mchimbaji wa Rubaya, mahali ambapo Umoja wa Mataifa umekadiria kunatoka kama asilimia 15 ya koltani ya dunia, anathaminiwa kwa kilo alizotoa. Hatari ya udongo kumwangukia haiwekwi kwenye mizani.

Sisemi kila alama mbaya ni dhuluma. Wako wanaochelewa, wako wanaojaza fomu za uongo wakiwa wamekaa kivulini. Mkubwa mwema atakuita, atakuonyesha kosa na kukupa muda wa kujirekebisha. Wala sisemi kila mtu atupe kazi kesho. Mwenye watoto wanne katika kambi, na shamba lake likiwa upande wa pili wa vita, hawezi kuambiwa «ondoka tu». Lakini kama kila siku ni matusi na vitisho, usingizi umepotea, na kipimo kinabadilishwa kila unapokifikia, kuvumilia hakutakuivishia chochote.

Basi anayeondoka aondoke kwa akili. Sheria ya kazi ya Kongo ya Oktoba 16, 2002 inasema mwajiri hawezi kuvunja mkataba usio na muda maalumu bila sababu halali. Akiuvunja, anatoa taarifa ya siku zisizopungua 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anadaiwa nusu yake. Aliyetumika miaka miwili, kwa mfano, anatoa taarifa ya siku 14 za kazi. Na mwajiri anayemnyanyasa, kumtisha au kumtukana vikali mfanyakazi amefanya kosa zito: mfanyakazi anaweza kuvunja mkataba bila kungoja siku hizo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mwisho wa kazi ni lazima mwajiri akupe cheti kinachoonyesha kazi uliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Sheria inakataza kuongeza maneno mengine humo. Ile alama mbaya haina nafasi kwenye cheti hicho. Kidai.

Tangu vita viingie Goma Januari 2025, ofisi nyingi za serikali hazifanyi kazi kama zamani, na kupata wa kukusikiliza ni shida. Kwa hiyo tunza karatasi zako: mkataba, ujumbe wa simu, tarehe za malipo, jibu uliloandika ulipopewa alama hiyo. Weka nakala kwa mtu unayemwamini, maana hapa tunakimbia bila kuaga nyumba.

Na sisi wazazi na majirani, kijana akirudi, tumpe maji, akae. Tumuulize walimfanyia nini kabla ya kumuuliza alikosa nini. Wengine wanabaki kwenye kazi inayowavunja kwa sababu moja tu: wanaogopa midomo yetu.