Mkono wa Mwashi Hauzoei Saruji

Jiji la Kigali linazidi kupanda juu, nasi wakazi wake tunaona fahari. Tangu Jumba la Mikutano lilipofunguliwa Kimihurura mwaka 2016 hadi Uwanja wa Amahoro ulipofunguliwa upya Remera mwaka 2024, sifa zimemiminika kutoka kila upande. Lakini sifa hizo huwafikia wachora ramani, wakandarasi na wenye fedha. Ni nadra kuifikia mikono iliyokoroga saruji. Leo twapenda kuisemea mikono hiyo, kwa sababu iko hatarini, na hatari yenyewe inaweza kuzuiwa.

Katika sehemu za ujenzi imejengeka imani kwamba mkono wa mwashi hukomaa. Kijana anayeanza kazi, yule msaidizi ambaye hapa kwetu tunamwita umuyede, akilalamika kwamba viganja vinamwasha na vidole vinapasuka, wakubwa wake humcheka na kumwambia avumilie, maana atazoea. Sisi tunasema kwamba imani hiyo si kweli, na tena ni kinyume kabisa cha ukweli. Ngozi haizoei saruji. Kwa mtu aliyepatwa na mzio wake, kila siku anayoendelea kuishika bila kinga humzidishia maradhi.

Tueleze sababu. Saruji hutokana na mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi, ambavyo husagwa na kuchomwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Ndani ya malighafi hizo mna madini ya kromiamu kwa kiasi kidogo. Joto kali la tanuri pamoja na hewa hugeuza sehemu ya madini hayo kuwa kromiamu ya valensi sita. Kromiamu ya namna hii huyeyuka upesi katika maji. Basi pale fundi anapotia maji na kuanza kukoroga, huwa ameiamsha sumu iliyokuwa imelala ndani ya mfuko.

Saruji mbichi ina ukali kama wa magadi. Ukali huo hula mafuta ya ngozi na kuchubua tabaka lake la juu, na mchanga nao hukwaruza palipobaki. Mlango ukiisha kuwa wazi hivyo, kromiamu hupenya kwa urahisi. Ikifika ndani ya ngozi hubadilika kuwa ya valensi tatu na kunata kwenye protini za mwili, na askari wa mwili wakiiona huichukulia kuwa adui. Huo ndio mwanzo wa mzio.

Madhara yake ni ya aina mbili, na yafaa tuyatofautishe. La kwanza ni kuungua. Fundi akipiga magoti juu ya zege bichi, au zege likiingia ndani ya buti, anaweza kukaa saa kadhaa asisikie maumivu makubwa, kumbe ngozi inaliwa na ule ukali. La pili ni ukurutu wa mzio. Huu hauna haraka. Unaweza kumjia mtu baada ya majuma machache au baada ya miaka mingi ya kazi, na ukimwingia, mwili kwa kawaida hausahau. Baada ya hapo kiasi kidogo tu cha kromiamu hutosha kumwamshia vidonda. Ndiyo maana wapo wanaoendelea kuteseka hata baada ya kuacha kazi, kwa kuwa kromiamu hutumika pia kulainisha ngozi za viatu na mikanda. Kwa sababu hiyo hiyo glavu za ngozi, ambazo wengi hudhani ndizo imara zaidi, si kinga ya kufaa. Glavu za mpira wa naitrili ndizo afadhali. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mapya, au kwamba ndiyo gharama ya maendeleo. Hapana. Mwaka 1950 madaktari wawili wa Uswisi, Jaeger na Pelloni, walionyesha kwamba ukurutu wa waashi una uhusiano na kromiamu. Denmaki ilitunga sheria yake mwaka 1983, na tangu tarehe 17 Januari 2005 nchi za Umoja wa Ulaya zimekataza kuuzwa kwa saruji ambayo, ikitiwa maji, ina zaidi ya sehemu 2 za kromiamu hiyo katika kila sehemu milioni. Katika mfuko wa kilo 50 kiasi hicho ni miligramu 100, yaani sehemu moja ya kumi ya gramu.

Tena njia waliyoitumia si ya kifahari. Viwanda huchanganya katika saruji kiasi kidogo cha salfeti ya chuma, chumvi ambayo hutumika pia kutengenezea vidonge vya kuongeza damu. Chumvi hiyo huigeuza kromiamu ya valensi sita kuwa ya valensi tatu, ambayo haipenyi ngozi kwa urahisi. Ila nguvu yake hupungua kwa muda na kwa unyevu. Kwa hiyo mfuko hauna budi kuonyesha tarehe na muda wa kufaa, nao uwekwe pakavu.

Rwanda imekuwa na kiwanda chake cha saruji Bugarama tangu mwaka 1984, na mifuko mingine huletwa kutoka nchi jirani. Kwa hiyo tunaliomba Shirika la Viwango la Rwanda lisimamie kikomo cha kromiamu kwa saruji zote, za ndani na za nje, na lizungumze na wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ili kikomo kiwe kimoja. Tunaomba pia onyo liandikwe kwenye kila mfuko kwa Kinyarwanda na Kiswahili, kwa maneno ambayo kibarua ataelewa.

Kwa waajiri hatuna ombi, tuna ukumbusho. Sheria ya kazi ya tarehe 30 Agosti 2018 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Glavu, buti za mpira na maji safi ya kunawa ni haki ya mfanyakazi, wala si zawadi. Maji ya pipa lililosuuziwa miko na mabeleshi si maji ya kunawa. Hayo ni saruji iliyozimuliwa. Na kibarua anayelipwa kwa siku ana ngozi kama ya mhandisi anayelipwa kwa mwezi.

Chama cha wafanyakazi wa ujenzi, STECOMA, na vyuo vya ufundi wamfundishe kijana jambo hili siku ile ile anapofundishwa kushika mwiko. Wauguzi katika vituo vya afya nao, wakiona mikono iliyopasuka, wasiishie kutoa mafuta ya kupaka. Wamwulize mgonjwa anafanya kazi gani, na jibu liandikwe. Ugonjwa wa kazini usioandikwa hauna mtetezi wala fidia.

Mwashi hana mtaji mwingine ila mikono yake. Akipatwa na mzio wa saruji hupoteza ufundi alioutafuta kwa miaka, na watoto wake hupoteza karo. Si haki kwamba anayetujengea nyumba akose ya kwake kwa sababu ya glavu ambazo hakupewa na chumvi ambayo haikutiwa. Kigali tumejifunza kufanya mambo kwa utaratibu. Na tuuanze utaratibu huu kwenye mfuko wa saruji.