TAHARIRI: Orodha za waliokimbia Uvira zilindwe kama watu wenyewe

Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, makumi ya maelfu ya raia walivuka mpaka kuingia Burundi. Aprili 2020, mafuriko ya mto Mulongwe yalikuwa yamewaacha maelfu bila nyumba. Kila msiba unapotokea, mashirika ya msaada huandikisha watu: jina, mtaa, namba ya simu, idadi ya watoto. Orodha hizo huingizwa kwenye kompyuta, na zikiwekwa kwenye seva iliyounganishwa na intaneti, hatari inaanza.

Seva ya tovuti hupewa folda moja tu ya kuonyesha umma. Lakini mtu akiandika kwenye anwani nukta mbili na mkwaju, anaiambia seva itoke kwenye folda hiyo, ipande ngazi moja juu. Seva nzima hukataa. Yenye kasoro hupanda ngazi baada ya ngazi, kisha hutoa faili ambalo halikukusudiwa kuonekana, bila kuuliza neno la siri.

Oktoba 2021 kasoro hiyo ilitangazwa katika toleo la 2.4.49 la Apache, programu ya seva inayotumika sana duniani. Rekebisho la kwanza halikutosha. Siku tatu baadaye likatolewa la pili.

Mwezi uliofuata, wavamizi waliingia kwenye seva za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kupitia kasoro ya programu nyingine. Walifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita. Rekebisho lilikuwa limekwisha kutolewa. Kamati yenyewe ilikiri kwamba haikuliweka kwa wakati.

Kwetu Uvira, anayejua nani alikimbia na amejificha wapi anaweza kumdhuru.

Kwa hiyo tunayataka mashirika na ofisi za serikali zifanye mambo matatu. Orodha za watu zisikae kwenye seva moja na tovuti. Programu ya seva inyimwe ruhusa ya kusoma faili zisizoihusu. Na rekebisho likitoka, liwekwe siku hiyohiyo, lisingoje fundi kutoka Kinshasa.

Nchi yetu ina Sheria ya Dijitali tangu Machi 2023, nayo inalinda taarifa binafsi. Mama aliyetoa jina lake ili apate unga ana haki ya kuuliza: limewekwa wapi, na nani anaweza kulisoma?