Nani Hulipia Programu ya Bure?

Ushindani wa Microsoft na Google katika muongo wa kwanza wa karne hii umezoeleka kusimuliwa kama mbio za kuunda programu bora, ilhali hoja inayoongoza toleo hili ni kwamba kilichogombewa hasa ni mfuko wa kuzilipia. Microsoft ilikuwa imejenga utajiri wake juu ya leseni, yaani haki ya kutumia programu, ambayo hulipiwa na mnunuzi au mtengenezaji wa kompyuta yake. Google, iliyoanzisha huduma ya matangazo ya AdWords mwaka 2000, ilimwacha mtumiaji atafute bure na kumtoza mtangazaji, anayepambana na wenzake katika mnada unaofanyika papo hapo neno linapotafutwa. Kwa hiyo, iliponunua mwaka 2006 programu ya Writely, iliyomwezesha mtu kuandika nyaraka mtandaoni, na ilipotoa kivinjari cha Chrome mwaka 2008, haikuhitaji faida ya bidhaa hizo zenyewe, kwani ilitosha zimzoeshe mtu kukaa mtandaoni, mahali penye matangazo, huku zikishusha thamani ya kile alichokuwa akikiuza mpinzani.

Mwaka 2007 ndio unaostahili kuchunguzwa zaidi. Mwezi Aprili Google ilitangaza kuinunua, kwa dola bilioni 3.1, DoubleClick, kampuni ambayo watu wengi hawakuwahi kuisikia, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuendesha mitambo inayoamua tangazo la nani liwekwe katika ukurasa wa nani. Microsoft, ambayo yenyewe mahakama za Marekani zilikuwa zimeiona imevunja sheria kwa kulinda ukiritimba wake, yaani kulihodhi soko, kwa hila zinazowazuia wengine, ilizitaka mamlaka ziuchunguze ununuzi huo na, bila kuona haya, mwezi Mei ikatangaza kuinunua aQuantive, kampuni nyingine ya matangazo, kwa takriban dola bilioni 6. Ununuzi huo haukuzaa matunda, na mwaka 2012 Microsoft ilifuta katika hesabu zake dola bilioni 6.2, takriban kiasi chote ilichokuwa imelipa.

Tume ya biashara ya Marekani iliuidhinisha ununuzi wa DoubleClick mwezi Desemba 2007 kwa hoja kwamba kampuni hizo mbili hazikuwa washindani wa moja kwa moja. Hoja hiyo ilikuwa sahihi na bado haikutosha, kwani hatari haikutokana na kufanana kwao bali na kukamilishana kwao: mmoja alikuwa na watangazaji, mwingine alishika nyenzo ambazo wachapishaji, yaani wenye magazeti na tovuti, walizitumia kuuzia nafasi katika kurasa zao, na aliyeunganisha pande hizo aligeuka kuwa dalali wa muuzaji na wa mnunuzi kwa wakati mmoja. Ilichukua zaidi ya miaka 17 kabla ya Jaji Leonie Brinkema, katika jimbo la Virginia, kuamua mwezi Aprili 2025 kwamba Google ilikuwa imejijengea ukiritimba kinyume cha sheria katika masoko ya nyenzo za wachapishaji na ya mnada wa matangazo.

Makala za toleo hili zinamchunguza mchapishaji huyo, ambaye mizozo ya majitu haya humtaja kwa nadra, ingawa sehemu ya mapato ya kurasa zake ndiyo iliyokuwa ikikatwa njiani.