Mzimu Hauui

Wapo wasemao hadithi za mauaji huharibu watu. Mimi sikubali. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, cha mwaka 1960. Maiti imekutwa penye mzimu. Watu wanaogopa. Bwana Msa, mpelelezi, anavuta kiko chake na kuuliza maswali. Mwandishi huyu hupenda kuficha siri zake ndani ya ukoo: nani mtoto wa nani, nani ana kinyongo na nani. Muuaji ni mtu.

Kwetu Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa kuwa na macho mekundu tu. Macho hayo ni ya moshi wa kuni! Kabla ya kumwita bibi mchawi, uliza kama Bwana Msa: shamba lake analitaka nani?