Wakala Mgeni na Bima ya Nyumba

Wasomaji wetu wenye jamaa huko Marekani hawatakuwa wageni wa habari hii. Ndugu yetu ananunua nyumba Texas au Florida, na benki inayomkopesha inamtaka aonyeshe hati ya bima kabla hajakabidhiwa funguo. Hahangaiki kumtafuta wakala wa mtaani kwake. Humpigia simu Mswahili mwenzake aishiye Minnesota, mwenye leseni ya kuuza bima, na shauri zima humalizika katika muda wa saa moja, kwa lugha wanayoelewana. Wote wawili hufurahi. Nasi hatuna nia ya kuwaharibia furaha yao, ila twaona kwamba ndani ya shughuli hiyo mna faida na mna hatari, na kwamba sheria za Marekani zimehangaikia ile faida kuliko hatari.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba Marekani haina leseni moja ya kuuza bima nchi nzima. Kila jimbo lina idara yake ya bima, na wakala hawezi kumuuzia mtu bima ya nyumba iliyoko jimbo jingine mpaka jimbo hilo nalo limpe leseni, hiyo iitwayo ya wakala asiye mkazi. Chanzo cha mambo haya ni cha zamani. Mwaka 1866 jimbo la Virginia lilitunga sheria iliyoyataka makampuni ya bima kutoka nje yaweke dhamana, na mawakala wao wachukue leseni. Bwana Samuel Paul wa mji wa Petersburg aliuza bima ya moto kwa niaba ya makampuni ya New York pasipo leseni hiyo. Alishtakiwa na kutozwa faini ya dola 50. Hakukubali, akaipeleka kesi yake hadi Mahakama ya Juu ya nchi, nayo mwaka 1869 ikaamua kwamba mkataba wa bima si biashara baina ya majimbo. Kwa hiyo kila jimbo lilikuwa na haki ya kuusimamia lipendavyo. Mwaka 1944 mahakama hiyo hiyo iligeuza maoni yake, lakini mwaka uliofuata Bunge la nchi likapitisha sheria ya kuwarudishia wenye majimbo mamlaka yao. Mamlaka hayo wanayo hadi leo.

Mamlaka hayo hayakutumiwa kwa uadilifu siku zote. Majimbo kadhaa yalishika kanuni kwamba bima iliyouzwa na wakala mgeni haiwi halali mpaka itiwe saini na wakala mkazi. Mkazi huyo hakumtafuta mteja, hakuikagua nyumba, wala pengine hakuijua ilipo. Alitia saini yake na kuchukua sehemu ya ujira. Hapana shaka msomaji amekwisha kuona ofisi za namna hiyo pahali pengine. Kwa bahati njema mahakama zilianza kuzifuta kanuni hizo moja baada ya nyingine, ya Florida ikiwa mwaka 2003.

Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na sheria ya mwaka 1999, ambayo iliyapa majimbo miaka mitatu: ama yakubaliane kupokea leseni za wenzao, ama serikali ya nchi iunde chombo chake cha kutoa leseni. Majimbo yaliogopa kunyang'anywa, yakakubaliana. Tangu hapo wakala mwenye sifa njema katika jimbo lake huomba leseni ya jimbo jingine kwa kujaza fomu na kulipa ada. Hafanyiwi mtihani mpya. Hata masomo anayotakiwa kuyarudia kila baada ya muda huhesabiwa kuwa ametimiza, maadamu ameyatimiza kwao.

Hapo ndipo penye neno. Anayeuza bima ya maisha huko Marekani anaweza kusema kwamba mauti ni yale yale Ohio na Arizona. Nyumba si hivyo. Nyumba imesimama juu ya ardhi yake, na ardhi hiyo ina maadui wake. Wakala wa Nebraska amesomea mvua ya mawe inayotoboa mapaa, na kazi hiyo anaijua barabara. Akipata leseni ya Florida hakuna anayemuuliza juu ya tufani. Lakini katika hati za Florida, hasara ya tufani ina kima chake cha peke yake ambacho mwenye nyumba hujilipia kabla kampuni haijatoa senti, na aghalabu kima hicho huhesabiwa kwa asilimia ya thamani iliyokatiwa bima. Nyumba ya dola 400,000 yenye kima cha asilimia 5 humwachia mwenyewe mzigo wa dola 20,000. Mteja aliyeambiwa katika simu kwamba atajilipia dola 1,000 tu, naye akaamini kuwa ni kwa kila balaa, atakuja kuujua ukweli siku ambayo paa halipo.

California nayo ina mambo yake. Bima ya kawaida ya nyumba huko haigusi tetemeko la ardhi. Sheria inaitaka kampuni imwonyeshe mteja bima hiyo kando, na mteja aseme anaitaka au haitaki. Katika pwani ya Texas ziko wilaya ambazo makampuni mengi hayabebi hasara ya upepo, na mwenye nyumba hulazimika kuikata kwenye chama maalumu kilichoundwa kwa sheria ya jimbo. Asiyelijua hilo atamwuzia mtu hati nzuri yenye pengo katikati.

Tena yako mafuriko, ambayo bima ya kawaida ya nyumba haiyalipi katika jimbo lolote. Mwishoni mwa Septemba 2024 tufani iliyoitwa Helene ilipanda kutoka Florida mpaka milima ya magharibi ya North Carolina, mamia ya kilomita kutoka baharini, na mito ikabeba nyumba. Ni wenyeji wachache mno waliokuwa na bima ya mafuriko. Benki hazikuwadai, kwa sababu wengi hawakuwa katika maeneo ambayo ramani za serikali zinayataja kuwa ya hatari, na bila shaka wapo ambao hawakupata kuambiwa na mtu yeyote.

Twakiri kwamba katika milima ile wakala mwenyeji hakuwa lazima bora kuliko mgeni. Ndiyo maana hatuwaungi mkono wale wanaotaka ua wa zamani usimamishwe upya ili mkazi apate kula saini. Mgeni njoo mwenyeji apone: pale ambapo makampuni yanaondoka, kama kampuni kubwa kuliko zote za bima ya nyumba ilivyoacha kupokea maombi mapya California mwezi Mei 2023, wakala wa mbali mwenye makampuni mengi mkononi huenda akawa ndiye msaada. Na kwa familia isiyosoma Kiingereza cha hati za bima, wakala anayesema lugha yao ana thamani isiyopimika.

Maoni yetu ni kwamba mlango ubaki wazi, lakini kila jimbo limpe mgeni somo fupi juu ya maafa yake na sheria zake kabla hajauza bima ya nyumba. Isisemwe kuwa haiwezekani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 iliagiza kwamba mawakala wauzao bima ya mafuriko chini ya mpango wa serikali wapewe mafunzo, na biashara haikufa.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tuliangalie hilo mapema. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ahadi yake ni huduma kuvuka mipaka. Siku wakala wa Nairobi atakapouza bima ya nyumba iliyoko Tanga kwa wepesi kama wa jirani, yafaa awe amekwisha kujua mvua za masika zinavyoifanya Tanga.

Kwa ndugu zetu walioko ng'ambo tuna maombi mawili. Mwulizeni wakala wenu kinachoachwa nje ya hati, na mumtake ajibu kwa maandishi. Tena msingoje habari za redio: bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida haianzi kufanya kazi mpaka zipite siku 30, na msimu wa tufani wa Atlantiki hufunguliwa tarehe 1 Juni. Atakaye kinga siku hiyo yampasa awe amelipa kabla Mei haijaanza.