Mkanda Mmoja Usiizike Santuri

Ewe msomaji, yako makosa ambayo watu huyatenda kwa wingi hata yakaonekana kuwa ni busara. Moja kati ya hayo ni kuitupa mashine nzima kwa sababu ya ugonjwa wa kiungo kimoja. Pita katika mitaa ya Eastlands mjini Nairobi, Kaloleni hata Maringo, Bahati hata Jericho; si ajabu kukuta nyumbani kwa mzee mmoja santuri iliyofunikwa kitambaa, na kando yake rundo la sahani zilizojaa vumbi. Ukiuliza, utajibiwa kwamba mashine imekufa. Ni nani aliyeyathibitisha mauti hayo? Aghalabu hakuna. Imekufa kwa uvumi tu.

Na tulipime shitaka lenyewe. Katika santuri nyingi za miaka ya 1970 na baadaye, mota haiigusi ile meza ya duara inayobeba sahani. Baina yao hupita mkanda mwembamba wa mpira. Mpira huzeeka: hulegea, hukauka na kupasuka, na pengine huyeyuka ukawa kama lami. Mkanda ukilegea huteleza, wimbo ukajikokota na sauti ya mwimbaji ikazama. Ukikatika, mota hunguruma na meza isizunguke. Hapo ndipo hukumu ya haraka hutolewa. Lakini mota inayonguruma ni moyo unaopiga; ni nani amzikaye mtu ambaye moyo wake unapiga?

Uchunguzi hautaki elimu ya ajabu. Chomoa kwanza waya wa umeme. Fungua kizuizi cha meza, kama kipo, uiinue utazame chini yake. Si kila santuri ina mkanda: nyingine hutumia gurudumu la mpira, na nyingine huzungushwa na mota moja kwa moja. Ukiukuta mkanda umelegea, usiuchemshe, usiufunge fundo, wala usikate mpira wa ndani wa baiskeli ukautia mahali pake. Maana mpira usio na unene sawa huifanya sauti iyumbe kama mlevi. Tafuta mkanda mpya wa upana ule ule, mfupi kidogo kuliko njia yake, ili ukae kwa kuvutika. Kabla ya kuuvika, pangusa kwa spiriti kigurudumu cha mota na ukingo unaopitiwa na mkanda, mpaka mabaki ya mpira wa kale yaishe.

Kisha bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa meza, uhesabu. Sahani ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika hutimiza mizunguko 100 kwa dakika 3. Ukipata 90 tu, wimbo wa dakika 3 utachukua dakika 3 na sekunde 20, na mwimbaji atakuwa amevikwa sauti isiyo yake. Hesabu hii hufundishwa ubaoni kila mwaka. Ina aibu gani kuifanya mezani?

Wako watakaosema, "Ya nini taabu hii, na nyimbo zote zimo katika simu?" Neno "zote" ndilo lenye uongo. Fadhili William na Daudi Kabaka, waliorekodi Nairobi katika miaka ya 1960, husikika katika simu kwa kuwa majina yao ni makubwa. Lakini bendi ndogo zilizotoa sahani moja au mbili kwa Kijaluo, Kiluhya, Kikamba au Kikuyu, kisha zikavunjika, ni nani aliyezihamisha zote? Sahani bila mashine ni kitabu katika sanduku lililopotelewa na ufunguo. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Wengine watasema kwamba kutengeneza vitu vikuukuu ni kazi ya walioshindwa masomo. Kauli hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa humdharau mtu na siyo chombo. Kamukunji na Gikomba, humo humo Eastlands, mafundi wa jua kali hula kwa akili ya mikono yao. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilieleza kwamba watu wafanyao kazi nje ya ajira rasmi si wavivu, bali wana kazi zenye faida. Ikiwa ulimwengu ulipata funzo hilo kutoka Kenya, mwanafunzi wa Nairobi ana udhuru gani wa kulikataa?

Sisemi kwamba kila mashine itapona. Mota iliyoungua ni jambo jingine, na gharama yaweza kuushinda mfuko. Nasema kwamba hukumu iufuate uchunguzi, isiutangulie. Anayezoea kuitupa santuri bila kuitazama atazoea vivyo hivyo kumwacha rafiki bila kumsikiliza, na somo bila kulijaribu. Basi kabla hujalitamka neno "imekufa," inua meza, tazama, hesabu. Baada ya hapo, ukisema imekufa, tutakusadiki.